Leseni za Kamari ya Intaneti na Amana za Wachezaji



Leseni ya kamari ya intaneti humlinda mchezaji kwa kadiri ya masharti yaliyomo ndani yake, wala si kwa muhuri uliopigwa juu yake. Mwezi Aprili, 2011, Serikali ya Marekani ilifungua mashtaka dhidi ya wakuu wa kampuni za karata za fedha. Miongoni mwazo zilikuwa PokerStars, yenye leseni ya Kisiwa cha Man, na Full Tilt Poker, yenye leseni ya kisiwa kidogo cha Alderney.

Sheria ya Man ilitaka amana za wachezaji zilindwe, zisichanganywe na fedha za kampuni. Wateja wa PokerStars walioko Marekani walianza kurejeshewa chao katika wiki chache. Full Tilt, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, ilidaiwa na wachezaji dola milioni 390, hali benki ilikuwa na milioni 60 hivi. Alderney iliisimamisha leseni hiyo mwezi Juni, ikaifuta Septemba. Hatua hiyo ilistahili, ila fedha zilikwisha kutoweka. Wachezaji wa Marekani walingoja hadi 2014, nao walilipwa kutokana na mapatano ya 2012, ambayo kwayo PokerStars ilizichukua mali za Full Tilt.