Sikio, Mkono na Mguu: Maneno juu ya Kuwekwa Wakfu kwa Haruni



Kamati ilinitaka mimi karani wenu niseme machache kabla ya viongozi wapya kuapishwa. Nimechagua habari ya kuwekwa wakfu kwa Haruni na wanawe, iliyoandikwa katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 8 hata ya 10. Katika chama hiki wamo ndugu zetu Waislamu, nao humjua Harun kuwa nabii na ndugu yake Musa. Basi sikumleta mgeni ukumbini. Nitamsimulia kama nilivyofundishwa mimi Mkristo katika shule ya misheni.

Hapa Garissa, penye soko kubwa la mifugo, ibada ile haihitaji maelezo mengi. Alichinjwa ng'ombe dume mmoja na kondoo dume wawili. Kondoo wa pili ndiye aliyekuwa wa kuwekwa wakfu. Musa alitwaa damu yake, akampaka Haruni kwenye ncha ya sikio la kuume, na kidole gumba cha mkono wa kuume, na kidole kikubwa cha mguu wa kuume; na wanawe vivyo hivyo. Kisha wakaamriwa kukaa mlangoni pa hema siku 7, mchana na usiku, wasitoke. Nani kati yetu, akiisha kupewa cheo, angekubali kuketi mlangoni siku 7 bila kutoa amri hata moja?

Tazameni ya kuwa sikio lilitangulia. Mimi naona hilo si bahati. Mkono wa kuhani ulikuwa wa kushika sadaka, na mguu wa kukanyaga mahali patakatifu, lakini kwanza alitiwa alama mahali pa kusikilizia.

Siku ya 8 Haruni alitoa sadaka, moto ukashuka, watu wakapiga kelele za furaha na kuanguka kifudifudi. Kisha Nadabu na Abihu, wanawe, wakatwaa vyetezo, wakatia moto na uvumba, wakauleta mbele za Mungu moto wa kigeni. Wakafa papo hapo. Hawakuiba, wala hawakuabudu sanamu. Wengine hudhani walikuwa wamelewa, kwa kuwa katazo la mvinyo lafuata katika sura ile ile; walakini maandiko hayasemi hivyo. Kosa lililotajwa ni moja tu: walileta wasichoagizwa.

Zamani niliona adhabu ile kuwa kali mno. Nimeanza kuielewa kwa kosa langu mwenyewe, nalo wazee mnalijua. Jioni moja mwenzetu aliyefiwa alinijia akilia, nami nikafungua sanduku la mazishi nikampa fedha bila sahihi ya mweka hazina. Alistahili kweli. Juma la pili akafiwa mwingine, na sanduku halikutosha. Ikambidi akope dukani ili amsafirishe marehemu wake. Kamatini sikuulizwa kama yule wa kwanza alistahili. Mzee mmoja aliniuliza, "Ulimwuliza nani?" Nilikasirika siku tatu.

Lakini sura ile ya 10 haiishi hapo, na wahubiri wengi huiacha njiani. Siku ile ile Musa aliulizia mbuzi wa sadaka ya dhambi, ambaye makuhani walipaswa kumla, akaambiwa amekwisha kuteketezwa. Akawaghadhibikia wana wawili waliosalia, Eleazari na Ithamari. Haruni ndiye aliyejibu. Alisema ya kuwa mambo kama haya yamempata leo. Je, kama angekula, ingempendeza Bwana? Musa aliposikia, akaridhika.

Basi agizo halikutimizwa, wala hakufa mtu. Tofauti iko wapi? Naona ya kuwa Nadabu na Abihu walisogea mbele kwa haraka ya mikono yao. Haruni, mwenye maiti mbili siku ile, alirudi nyuma kwa hofu, akatoa sababu yake wazi mbele ya aliye juu yake. Hata Musa naye alikuwa na sikio.

Hapa kwetu Kenya namkumbuka William Jones, Mwafrika aliyetolewa utumwani akalelewa Bara Hindi, kisha akakaa Rabai. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na Ishmael Semler. Mwaka ule ule Jones alifuatana naye safari ya Uganda. Kwa Sundu, pande za Mumias ya leo, Askofu alitangulia na watu 50, akamwacha Jones na msafara uliobaki wangoje. Mwezi wa Oktoba Askofu aliuawa Busoga. Jones alikaa pale pale hata wachache walionusurika walipomletea habari. Ndipo akawarudisha watu kwa miguu, wakafika Rabai mapema mwaka 1886. Sikio lilikuwa limesikia "ngoja", na mguu ukangoja. Waraka kwa Waebrania wasema ya kuwa Kristo mwenyewe, Kuhani wetu Mkuu, alijifunza kutii kwa mateso.

Tangu kosa langu sanduku letu lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi. Wa pili huu hapa mezani, namwomba Bwana Mwenyekiti amwite mweka hazina mpya aje autwae.