Asiyesomwa kwenye Orodha

(Mazungumzo kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, Garissa)



Ndugu yangu msomaji, na wewe dada yangu, najua koo limekauka na futari bado iko mbali, kwa hivyo sitakuzungusha. Nataka kukupa habari za mchezo ambao pengine hujautazama hata dakika kumi. Ni ule mpira wa Wamarekani wa kuvaa helmeti na kujaza mabega, ambao wao wanauita futboli ilhali mpira wenyewe unabebwa mkononi. Usicheke kwanza. Kuna Mkenya aliyeingia humo mwaka 2013, na namna alivyoingia ndiyo inayonileta hapa.

Hebu tuanze na vile watu wanavyochukuliwa. Ligi yao kubwa, NFL, ina timu 32. Kila mwaka timu hizo hukaa zikachagua vijana kutoka vyuo vikuu, mmoja mmoja kwa zamu, raundi saba. Hiyo wanaiita drafti. Jina lako likisomwa, mama analia kwa furaha na kamera zinakumulika. Lakini majina yanayosomwa ni 250 na kitu tu, na waliocheza chuoni ni maelfu. Waliobaki, yule mwenye bahati atapigiwa simu baadaye bila sherehe yoyote: njoo kambini tukuone. Kambini kila timu inaingia na watu 90. Msimu ukianza wanatakiwa 53. Piga hesabu mwenyewe, 37 wanaambiwa wafungashe. Na wa kwanza kutazamwa kwa jicho la kuondolewa ni yule ambaye hakusomwa, kwa sababu timu haikutumia nafasi yake ya kuchagua kumpata, na akienda hakuna anayeulizwa.

Sasa Mkenya wetu. Anaitwa Daniel Adongo, mzaliwa wa mwaka 1989. Alikuwa mchezaji wa raga, akacheza Afrika Kusini na New Zealand. Julai 2013 timu ya Indianapolis Colts ikampa mkataba. Kumbuka, hakuwa amecheza mechi hata moja ya mchezo huo, si shuleni, si chuoni. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 5, uzito wa zaidi ya kilo 110, na mbio. Wakamweka kwenye nafasi ya lainibeka.

Lainibeka ni mlinzi wa safu ya pili. Mbele yake wako wale majabali wanaosukumana na majabali ya upande wa pili. Yeye anasimama nyuma yao na kazi yake ya kwanza ni kusoma. Mpira unapewa mtu akimbie nao ama unarushwa? Ana nusu sekunde ya kujua, halafu aende amwangushe mwenye nao. Akisoma vibaya, nguvu zake zote zimempeleka mahali pasipo na mpira. Na hapo ndipo mtu wa raga anapopata taabu. Kwenye raga hakuna anayeruhusiwa kukuzuia usimfikie mwenye mpira. Huku kuna watu kazi yao ni hiyo tu, kukuzuia, na wanalipwa vizuri. Tena kila mchezo umepangwa kwenye daftari nene, na lazima ulihifadhi. Kwa hivyo Adongo alikwenda na mwili uliokamilika, lakini kichwa kilibidi kianze alifu.

Mwezi wa Septemba hakuwa kati ya wale 53. Walimweka kikosi cha mazoezi. Ukiwa kikosi cha mazoezi unafanya mazoezi wiki nzima, unaigiza timu pinzani ili wenzako wajiandae, na Jumapili wao wanacheza nawe huvai jezi. Miezi mitatu alifanya kazi hiyo. Desemba wakampandisha, na tarehe 8 Desemba 2013, mjini Cincinnati, akaingia uwanjani dhidi ya Bengals. Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Colts walifungwa siku hiyo, 42 kwa 28, na wengi waliokuwa wakitazama hawakumwona hata kidogo.

Kwa nini hawakumwona? Kwa sababu alikuwa kwenye vikosi maalum. Hivi ni vikosi vinavyoingia mpira unapopigwa kwa mguu, wakati wa kuanza ama wa kurudishiana uwanja. Unakimbia yadi hamsini kwa kasi yako yote, unagongana na mtu anayekuja kwa kasi yake yote, kisha unatoka. Nyota hawapendi kuitwa huko, na watazamaji wengi ndipo wanapokwenda kununua soda. Lakini mtu ambaye hakuchaguliwa, mlango wake mara nyingi ni huo. Makocha wanarekodi kila kitu kwa kamera na kesho yake wanatazama, mtu mmoja mmoja. Huko kwenye kanda yule aliyesomwa wa kwanza na yule ambaye hakusomwa wanaonekana sawa: ulifika ama hukufika.

Nisikudanganye kuhusu mwisho wake. Mwaka 2014 aliandamwa na majeraha, na mwishoni mwa 2015 Colts wakamwachilia. Jamaa mmoja nilipomweleza habari hii akasema, basi si alishindwa tu. Mimi sikubali. Mtu aliyeanza mchezo akiwa na miaka 23, kwenye ligi ambayo wenzake wameucheza tangu utotoni, akafika kuvaa jezi siku ya mechi, huyo amekwisha kuonyesha thamani yake. Kubaki ni jambo lingine, lina afya ndani yake, lina bahati, lina riziki.

Na wako waliobaki. James Harrison, lainibeka pia, drafti ya mwaka 2002 ilipita bila jina lake. Pittsburgh Steelers walimchukua wakamwacha, wakamchukua wakamwacha, Baltimore nao wakamwacha. Mwaka 2004 Steelers wakampigia simu tena kwa sababu lainibeka wao mmoja alikuwa ameumia mkono. Mwaka 2008 akatangazwa mlinzi bora wa ligi nzima, wa kwanza kupata tuzo hiyo bila kupitia drafti. Na katika fainali ya tarehe 1 Februari 2009 aliudaka mpira mbele ya lango lao wenyewe akakimbia nao yadi 100, yaani uwanja mzima, akaanguka upande wa pili akiwa hana pumzi. Walishinda 27 kwa 23.

Mwingine ni ndugu yetu katika imani. Husain Abdullah hakuwa lainibeka, alikuwa mlinzi wa nyuma kabisa, lakini mlango alioingilia ni ule ule: hakuchaguliwa mwaka 2008, Minnesota Vikings wakamwita kambini, akabaki. Kambi zile huwa Julai na Agosti, joto kali, na ikawa miaka ile Ramadhani inaingia humo humo. Alifunga. Alikula daku kama wewe, akaenda akagongana na watu siku nzima, akafuturu kama wewe. Fikiria, huyu ni mtu ambaye nafasi yake haikuwa na dhamana, angeweza kusema nitalipa baadaye, na yuko mbele ya makocha wanaohesabu nani amechoka. Mwaka 2012 aliacha msimu mzima, yeye na kaka yake Hamza, akaenda kuhiji. Mwaka 2013 akarudi uwanjani na Kansas City Chiefs. Tarehe 29 Septemba 2014 aliudaka mpira wa Tom Brady, akakimbia nao mpaka mwisho, akasujudu. Mwamuzi akaipa timu yake adhabu ya yadi 15 kwa kushangilia chini. Kesho yake ligi yenyewe ikasema ile adhabu haikufaa kutolewa. (Nawajua wanaoikumbuka sijda ile na hawajui kwamba mtu mwenyewe aliingia kwa mlango wa nyuma.)

Sasa wewe wa Bulla Iftin unaniuliza, haya yananihusu nini?

Yanakuhusu kwa sababu sisi watu wa huku orodha tunazijua. Mwaka huo huo wa 1989 alipozaliwa Adongo, wazee wetu walipangwa foleni wakachujwa, nani Msomali wa Kenya na nani si wa Kenya, wakapewa kadi za peke yao. Kijana wa kaunti hizi, kitambulisho alikuwa anakwenda kusailiwa na kamati kabla ya kukipata, mpaka ilipotolewa amri Februari 2025 kwamba usaili huo uishe. Lakini leo orodha ninayotaka kuisema ni ya KCSE. Inasomwa mara moja. C+ na kuendelea, chuo kikuu, hongera, mbuzi anachinjwa. Chini ya hapo nyumba inanyamaza. Na huyo kijana tunamwambia nini? Jitahidi, mtu hujithibitisha. Tunamwambia hivyo sisi tuliosomwa.

Hapo mimi naona tunakosea hesabu. Adongo alijithibitisha, ndiyo, lakini kambini. Harrison aliachwa mara ngapi sijui, na kila mara kulikuwa na kambi nyingine ya kurudia. Mtu 90 wakiingia na 37 wakitoka, hao 37 nao wametazamwa. Sasa nitajie kambi ya mtoto wa Kamuthe. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko, Mungu awalipe wema, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti zetu. Siwalaumu walioondoka, nani asiyependa uhai wake. Lakini darasa lilibaki, na wanafunzi wakabaki, na kemia ikabaki ubaoni ilivyoachwa. Halafu mtihani ukaja ule ule wa Nairobi. Mtoto akipata D+ mjomba anasema hakusoma. Abti, alisomeshwa na nani? Kanda ya mchezaji ambaye hakuingizwa uwanjani huwa tupu, na kwenye kanda tupu huwezi kusema ameshindwa.

Na usiniambie sisi hatujui kufanya. Tunajua tangu tukiwa wadogo. Wengi wetu tumekaa dugsi, na ubao wa mbao mapajani, wino wa mkaa vidoleni. Maalim hakusoma orodha ya nani ana kichwa na nani hana, akawafukuza wengine. Kila mtu alisikilizwa somo lake kila siku. Mwenye juzuu moja alisikilizwa, mwenye ishirini alisikilizwa. Jioni tukakaa duara, kila mmoja anapokezana aya na mwenzake, na ukikwama aliye kando yako anakurudisha. Nimewaona waliokuwa wazito kabisa wakahifadhi wakamaliza, baada ya miaka, na waliokuwa wepesi wakaishia njiani. Kama maalim angetupima siku moja tu, asubuhi moja ya Novemba, angekosa nusu ya mahafidhi wake.

Kwa hivyo ewe uliyepata D ama C-, sikuambii upige moyo konde uende zako. Nakuambia kuna milango midogo na inafunguka, ila haina sherehe. C- inakubalika diploma, na ukiwa na diploma nzuri chuo kikuu kinaweza kukupokea. D inakubalika kozi za ufundi: umeme, mabomba, magari. Na mtihani wenyewe unaweza kuurudia kama mtahiniwa wa kibinafsi. Ni miaka zaidi, na wenzako watakuwa wamekutangulia, na bulla itasema. Adongo alipoigiza timu pinzani miezi mitatu bila kuvaa jezi, nadhani naye alisikia ya kwake.

Na sisi tulioko chuoni, tulioitwa, kazi yetu ni kufungua kambi. Tumekubaliana wachache. Kuanzia Jumatatu ya pili baada ya Idd, inshaallah, tutakuwa tunasomesha hesabu na kemia kila siku baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, kwenye madrasa hii hii, na wasichana watakuwa na chumba chao na dada wa kuwasomesha. Hatutauliza gredi. Kila mtu atapewa hesabu yake na atasikilizwa, kila siku, hata kama darasa limejaa. Vitabu vya kidato cha tatu na cha nne bado havitoshi, kwa hivyo mwenye vya zamani nyumbani asivifungie sambusa, atuletee. Na kama kuna mdogo wako aliyekaa nyumbani tangu matokeo yatoke, usimtume, mshike mkono uje naye.