Maji ya Ruvu Hutoka Wapi?

Wasikilizaji wetu, ninyi mkaao Kinondoni na Temeke, na ninyi wa mbali mnaotusikia, leo twataka kusema juu ya mto ambao wengi wetu twanywa maji yake kila siku, wala hatujapata kuuona kwa macho. Jina lake ni Ruvu.

Chanzo cha Ruvu ki katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, ambayo kilele chake kirefu chapita mita 2,600. Upepo utokao Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Ukifika mlimani hauna budi kupanda, na ukipanda hupoa, na ule unyevu hugeuka mvua. Ndiyo sababu upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua nyingi kutushinda sisi wa huku chini. Mito kama Mgeta na Mvuha huyakusanya maji hayo na kuyatia Ruvu, nao hushuka hata baharini karibu na Bagamoyo. Njiani, mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huyachota, huyasafisha, na kuyaleta mjini kwa mabomba.

Basi yafaa tuulize: mvua hukoma, mbona mto haukomi? Jibu li msituni. Majani hupokea matone yasianguke kwa kishindo, na takataka zilizooza chini ya miti huulainisha udongo, maji yakapata kupenya polepole. Hukaa humo ardhini, kisha hutoka katika chemchemi miezi mingi baadaye. Wengine hudhani kwamba theluji ndiyo mama wa mito yote ya milimani. Hata Kilimanjaro, ambayo imepoteza sehemu kubwa sana ya barafu yake tangu mwaka 1912, mito yake hulishwa hasa na mvua na ukungu wa msituni. Uluguru haina barafu hata chembe. Ina miti tu.

Msitu ukifyekwa, mvua ile ile huporomoka juu ya udongo mtupu. Mto hufurika kwa siku chache, mwekundu kwa matope, kisha kiangazi hupungua mno. Na sasa dunia imezidi joto. Hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi zaidi, hivyo mvua ijapo huja kwa nguvu, na jua likawakapo hunyonya ardhi kwa ukali. Mwaka 2022 mvua za vuli zilichelewa; maji yaliyotolewa kwa siku yakashuka kutoka lita milioni 466 hadi karibu milioni 300, mji ukaingia katika mgawo. Mwezi wa Novemba maji ya visima vya Kigamboni yaliongezwa ili kupunguza shida.

Je, tuwalaumu wakulima wa mlimani? Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu aliyeshika kata ya maji mkononi. Walakini Mluguru naye hulima apate kula. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuwaridhisha, na mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukaachwa. Miaka mingi baadaye, huko Kibungo Juu, njia nyingine ilijaribiwa: wakulima waliopanda miti na kuhifadhi udongo walilipwa fedha, na miongoni mwa waliotoa fedha hizo ni shirika la maji la Dar es Salaam. Sisi twaona njia hii ina haki zaidi, maana anywaye maji humlipa ayatunzaye.

Mwaka 2023 ujenzi wa bwawa la Kidunda ulianza, litakaloweza kuweka lita bilioni 190 za akiba. Ni kazi kubwa na yatakiwa sana. Lakini bwawa hupokea kila kiletwacho na mto, maji na udongo pamoja. Na watu wa Morogoro, wenye bwawa la Mindu, wamekwisha kuona jinsi tope linavyokula nafasi ya maji.