Mluzi wa Spika na Sauti ya Mdogo



Hakuna mkazi wa mjini asiyeujua mluzi wa spika. Mko harusini, maharusi wameketi, mshereheshaji anashika kipaza sauti na kusogea mbele ya spika, na mara ukumbi mzima unaziba masikio. Makanisani tunaujua, misikitini wanaujua, na kwenye mikutano ya hadhara ndiyo usiseme. Watu hucheka, fundi hukimbilia kwenye vitufe, kisha shughuli inaendelea.

Mimi ni mhandisi wa elektroniki. Leo naomba tuuchunguze mluzi huo, maana unahusu nyumba zetu zaidi ya unavyohusu ukumbi wa harusi.

Mluzi unatoka wapi? Sauti hutoka kwenye spika, ikaingia tena kwenye kipaza sauti, ikakuzwa, ikatoka kubwa zaidi, ikaingia tena. Huzunguka hivyo mara nyingi mno kwa sekunde moja. Chombo kinajisikia chenyewe, kinakubaliana na chenyewe, na kila mzunguko kinajiongezea nguvu. Mwisho wake hakuna anayesikika, si padri, si imamu, si mshenga. Huo, kwa lugha ya mafundi, ni mrejesho unaoongeza.

Upo mrejesho wa namna ya pili. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa Kimarekani wa miaka 29, alikuwa akifanya kazi katika maabara za Bell. Simu za masafa marefu ziliwatatiza. Njiani ilibidi waweke vikuza sauti vingi, na kila kimoja kiliongeza sauti lakini pia kiliipotosha kidogo. Vikiwa vingi, maneno hufika yameharibika, kama habari iliyopita vinywa kumi. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti, akiwa ndani ya kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini New York, Black alipata jibu, akaliandika juu ya gazeti alilokuwa nalo.

Jibu lenyewe ni hili. Chukua sehemu ndogo ya kile kinachotoka, ipindue, halafu uirudishe mlangoni pa kuingilia. Chochote ambacho chombo kimeongeza kwa hila yake chenyewe kitapingwa na kurekebishwa. Gharama yake ni kwamba nguvu hupungua. Ndiyo maana wengi hawakumwelewa. Nani atajenga chombo cha kukuza, kisha akipunguze kwa hiari? Ilimchukua zaidi ya miaka 9 kupata hataza yake, akaipata mwaka 1937. Leo ni vigumu kupata chombo kizuri cha sauti kisichotumia wazo lake.

Ndugu msikilizaji, sasa turudi nyumbani. Katika nyumba nyingi za hapa mjini mrejesho unaopita ni ule wa kwanza tu. Mkubwa akisema, wote huitikia. Akikosea, wote huitikia kwa sauti zaidi. Tumewalea watoto kwa methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na methali hiyo ni ya kweli. Lakini ni mara ngapi tumejiuliza kuhusu guu la mkuu asiyesikia la mdogo?

Katika kazi ya ufundi nimeliona hili mara nyingi. Bwana mmoja alileta televisheni inayojizima ovyo. Akaeleza kwa kirefu, na kijana wake wa miaka kama tisa akajaribu kusema neno. “Nyamaza, wakubwa wanazungumza.” Nikamwomba baba amruhusu. Mtoto akasema, “Inazimika friji ikianza kunguruma.” Kazi ikaisha hapo. Televisheni ilikuwa nzima. Umeme wa nyumba ulikuwa ukishuka kila friji ilipowaka, kwa sababu ya waya uliolegea mahali fulani kwenye njia ya umeme. Waya uliolegea hupata joto, na joto hilo limeshateketeza nyumba za watu. Mtoto aliyenyamazishwa ndiye aliyekuwa na habari iliyoweza kuokoa nyumba nzima.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi wa mitaani, kwamba kwenye kompyuta, ambako kila kitu ni hesabu, hakuna haja ya kumsikiliza mtu. Nitawapa kisa kinachofundishwa kwa wanafunzi wa uhandisi.

Katika miaka ya 1980 ilitengenezwa nchini Kanada mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, jina lake Therac-25. Mashine za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuikatisha mionzi mambo yakienda kombo. Katika hii mpya, kazi kubwa ya ulinzi iliachiwa programu ya kompyuta. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita, Marekani na Kanada, walipigwa na mionzi iliyopita kiasi mno, na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo.

Kinachoniumiza zaidi katika kisa hiki ni namna wagonjwa walivyojibiwa. Mgonjwa alilalamika kwamba ameunguzwa, akaambiwa haiwezekani. Machi 1986, katika mji wa Tyler, jimbo la Texas, mgonjwa alihisi kama amepigwa na umeme. Wahandisi wakaja, wakapima, hawakuona kasoro, mashine ikarudishwa kazini. Haukupita mwezi, mgonjwa mwingine akaumizwa palepale. Ndipo mtaalamu wa fizikia wa hospitali na mwendeshaji wa mashine walipokaa chini kurudia kila hatua, hadi wakaligundua tatizo. Mwendeshaji mzoefu akiandika maelekezo, kisha akayasahihisha haraka kwa vidole vyepesi, programu ilipitwa, mashine ikajipanga vibaya. Kasoro hiyo ilikuwamo hata katika programu ya mashine iliyotangulia, ila huko kizuizi kilikata fyuzi tu, mgonjwa akasalimika.

Mrejesho ulikuwapo, wasikilizaji. Ulitoka kinywani mwa mgonjwa. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha kwa mwenye uwezo wa kurekebisha, na moyo wa kuupokea.

Hapa ndipo imani inapoingia. Mara kwa mara vijana wa vyuoni huniuliza kama mtu anayejua transista inavyofanya kazi anahitaji tena kusali. Mimi huwajibu kwa kumtaja Donald Knuth, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa magwiji wa sayansi ya kompyuta. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu kuhusu ufundi wa kuandika programu ilitoka mwaka 1968. Knuth ni Mkristo wa Kilutheri, na aliandika kitabu kizima baada ya kuchunguza sura ya tatu, aya ya kumi na sita, ya vitabu vya Biblia, kama vile mtaalamu anavyochota sampuli.

Lakini linalonivutia zaidi ni desturi yake nyingine. Yeyote aliyemwonyesha kosa katika vitabu vyake alilipwa dola 2 na senti 56, kwa sababu 256 ni namba inayopendwa na kompyuta. Hadi mwaka 2008 zilikuwa hundi halisi za benki, na wengi waliozipata hawakwenda kuchukua fedha. Waliziwekea fremu, wakazitundika ukutani. Fikirini: bingwa wa fani anamlipa mwanafunzi asiyemfahamu kwa kumwambia, “Mzee, hapa umekosea.”

Mimi naona hilo ni tendo la kiimani. Anayeamini kwamba Mungu peke yake ndiye asiyekosea hapaswi kushtuka akiambiwa kwamba yeye mwenyewe amekosea. Sisi Wakristo tunasoma habari za mfalme Daudi aliyekemewa na nabii Nathani, na mfalme akakubali. Jirani zangu Waislamu wana sura katika Qur'ani inayoitwa Shura, yaani mashauriano. Mtu wa dini asiyeambilika nyumbani mwake, nashindwa kujua anamwabudu nani.

Najua mtaniuliza, je, watoto wawe wanatusuta mezani? Heshima iko wapi? Swali hilo ni la haki, na elektroniki ina jibu lake. Kwanza, kinachorudishwa ni sehemu ndogo, si yote. Pili, hurudi kwa njia yake maalumu. Tatu, lazima kirudi kwa wakati. Mwaka 1932 Harry Nyquist, wa maabara zilezile za Bell, alionyesha kwa hesabu kwamba marekebisho yakichelewa njiani hufika wakati si wake, badala ya kutuliza yakachochea, na chombo kikaanza kupiga mluzi. Mke aliyenyamazishwa miaka mitatu, siku akisema mbele ya wakwe, huo ni mluzi. Kijana aliyekosa pa kusemea akaanza kurudi usiku wa manane, huo pia ni mluzi. Tukiona fujo hizo tunamlaumu anayepiga kelele. Fundi angeuliza kwanza, njia ya kurudishia ilizibwa lini?

Nyumbani kwangu tuna utaratibu mmoja. Jumapili baada ya chakula kila mmoja anataja jambo moja analoona haliko sawa. Anaanza mdogo kuliko wote, ili asiige maneno ya wakubwa, na hakuna ruhusa ya kujibu siku hiyo. Jumapili moja mwanetu wa miaka saba alisema, “Bibi hacheki tena tukisimulia hadithi.” Basi, maneno hayo tu. Tulimpeleka mama kwa daktari wa masikio, ikaonekana uwezo wake wa kusikia ulikuwa umepungua sana. Mwenyewe alikuwa akiitikia kwa kichwa ili asitusumbue.

Sasa amevaa kifaa kidogo sikioni. Ndani yake mna kipaza sauti, kikuza sauti na spika, vyote vimebanana katika nafasi ndogo, kwa hiyo kifaa hicho kingepiga mluzi mchana kutwa. Kinachokizuia ni programu ya kompyuta inayokisikiliza kifaa chenyewe, ikiona mluzi unataka kuanza, inauondoa. Mama hajui habari hizo, wala hazimhusu. Yeye anajua kwamba wajukuu wakisimulia, anasikia, na anacheka kabla hadithi haijaisha, maana nyingi ni zake.

Ndugu msikilizaji, wiki hii sikuombi ununue chombo chochote. Tafuta mdogo kuliko wote nyumbani mwako, au yule msaidizi wa kazi ambaye hajawahi kuulizwa neno. Muulize ni jambo gani humu ndani haliko sawa. Akisema, usimjibu. Sema ahsante, kisha nenda ukaangalie.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.