Fyuzi Ikikatika, Tutafute Sababu
(Maneno yaliyosemwa kwa mafundi wa umeme wa magari)



Siku hizi matatu nyingi hazitoki gereji bila redio kubwa, amplifaya na spika. Kazi hiyo yatupa riziki, lakini yaleta lawama pia: waya ukiungua, fundi ndiye hukatwa mshahara. Basi tusemezane jinsi ya kutafuta kosa kabla halijawa moto.

Kwanza, tushike mita kabla ya bisibisi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6. Injini ikinguruma, isome karibu 14. Isipopanda, tutazame altaneta na mkanda wake, tusiilaumu redio. Mabasi makubwa na malori mengi hutumia volti 24. Redio ya volti 12 ikiungwa huko moja kwa moja huungua. Wala tusichukue volti 12 kwa betri moja kati ya mbili, maana moja itachoka na ya pili itachajiwa kupita kiasi. Tutumie chombo cha kupunguza volti.

Pili, redio ikisahau stesheni kila gari lizimwapo, tutazame waya wa manjano. Katika redio nyingi, huo hutaka umeme daima, na mwekundu hufuata ufunguo. Mara nyingi zimebadilishana.

Tatu, spika zikivuma kama nyuki, na mvumo ukipanda pamoja na injini, tutazame waya wa hasi. Huenda umefungwa juu ya rangi au kutu. Tukwaruze mpaka chuma king'ae, tukaze bolti. Kisha muziki ukilia, tupime kati ya hasi ya betri na hasi ya amplifaya. Mita ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au muungano ungali mbovu.

Nne, na hili ndilo kubwa: fyuzi. Wati 240 kwa volti 12 ni ampea 20, na waya uwe wa kuzibeba. Fyuzi ya waya mkuu hulinda waya huo. Ikae karibu na betri, isipite sentimeta 45, kwa kuwa kipande kilicho kabla yake hakina mlinzi. Ikikatika, ama waya umegusa bodi, ama mzigo umezidi. Tuondoe mizigo mmoja mmoja mpaka kosa lijulikane.

Tukiambiwa, "Weka kubwa, gari liende," au tufunge karatasi ya sigara, tukatae. Abiria 14 watakaa juu ya waya huo, na dereva na kondakta ni wafanyakazi wenzetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi hatari kubwa aionayo. Tumwarifu, kisha tuandike katika kadi ya kazi tarehe, kipimo cha mita na tuliyoyasema. Siku mshahara ukitaka kukatwa, mwakilishi wa chama atakuwa na la kuonyesha.