Pacha wa Zizini na Jicho la Seli T

Ng'ombe aliyeumwa na kupe mwenye kimelea cha Theileria parva huvimba kwanza tezi za chini ya sikio. Homa hufuata, kisha mapafu hujaa maji, na mara nyingi mfugaji humpoteza ndani ya wiki chache. Ni ndigana kali, ugonjwa uliofilisi mazizi mengi Afrika Mashariki. Kimelea chake hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani walinzi wenyewe, na kuzifanya zizaliane ovyo huku nacho kikizaliana pamoja nazo. Kingamwili zinazozunguka katika damu hazikifikii humo.

Mhadhara huu unahusu namna mwili unavyogundua adui aliyejifungia ndani ya seli zake.

Jibu lilianzia kwa panya, mjini Canberra, mwaka 1973. Rolf Zinkernagel, tabibu kutoka Uswisi, na Peter Doherty, daktari wa mifugo wa Australia, waliwaambukiza panya virusi vinavyoshambulia utando wa ubongo. Seli T za panya hao, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, ziliua seli zilizoambukizwa za panya wa ukoo uleule. Zilipowekewa seli za ukoo mwingine, zenye virusi vilevile, ziliziacha. Kumbe seli T haitazami virusi peke yake. Hutazama mabaki ya virusi yakiwa yameshikwa na molekuli ya mwili wenyewe, iitwayo MHC. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974, na Tuzo ya Nobel ikawafikia mwaka 1996.

Molekuli hizo zilikuwa zikijulikana zaidi kwa kosa la kukataa viungo vilivyopandikizwa. Sifa ya ajabu, kwa kuwa maumbile hayakumtarajia daktari wa upasuaji.

Kazi halisi ya MHC ni hii. Ndani ya seli, protini zilizochakaa au zenye kasoro hukatwakatwa na mtambo mdogo uitwao proteasomu. Baadhi ya vipande, vyenye amino asidi nane hadi kumi hivi, huingizwa kwenye mfereji ulio juu ya molekuli ya MHC, kisha hupelekwa hadi kwenye ngozi ya seli. Ni kama mama lishe anayelazimika kuonyesha mlangoni kijiko cha kila chungu kilicho jikoni: seli yenye afya huonyesha vipande vyake yenyewe na seli T hupita, iliyovamiwa huonyesha kipande kigeni, na seli T aina ya CD8 huiua. Mwaka 1987 Pamela Bjorkman na wenzake wa Harvard walipochora umbo la molekuli hiyo, waliukuta mfereji umeshajaa kitu ambacho hawakukiweka wao. Vilikuwa vipande vya protini.

Seli T changa, hata hivyo, huhitaji kufundwa kwanza. Kazi hiyo hufanywa hasa na seli za dendraiti, alizozieleza Ralph Steinman mwaka 1973: huokota vipande vya adui na kuvipeleka kwenye tezi za limfu, ambako huvionyesha kwa seli T.

Turudi sasa kwa ng'ombe wa ndigana. Doherty aliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyokuwa Nairobi. Huko watafiti walitoa seli za CD8 kwa ndama mwenye kinga dhidi ya ndigana na kumtia pacha wake anayefanana naye, ambaye hakuwa na kinga. Pacha akastahimili ugonjwa. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Ilibidi wawe pacha, kwa sababu zilezile za Canberra: seli za ng'ombe mwingine zisingeitambua MHC ya mgeni.

Hapo ndipo ugumu wa chanjo ulipo. Ng'ombe wenye MHC tofauti huonyesha vipande tofauti vya kimelea kilekile, hivyo protini moja iliyochaguliwa maabara huweza kumkinga huyu na kumwacha yule. Chanjo ya Muguga, iliyobuniwa Kenya, hulikwepa tatizo kwa kumpa mnyama vimelea hai vya aina tatu pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya kuvidhibiti, ili kila MHC ijichagulie. Gharama yake ni mtungi wa naitrojeni ya kimiminika wa kuhifadhia vimelea hivyo, ambao mchanjaji hana budi kuufikisha hadi bomani.