Mgonjwa wa Presha Tumuulize na Habari za Usiku: Kukatika Pumzi Usingizini na Afya ya Moyo



Utangulizi

Mgonjwa akija kliniki ya presha tunamuuliza chumvi, sigara, pombe, na kama vidonge anameza. Usiku wake hatuugusi. Hoja yangu leo ni moja: presha inayokataa kushuka mara nyingi ina mzizi kitandani, na shahidi wake ni yule anayelala naye.

Kinachotokea usiku

Saa nane za usiku baba amelala chali, anakoroma hadi chumba cha pili wanamsikia. Ghafla, kimya. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hewa haipiti: misuli ya koo imelegea, ulimi umerudi nyuma, njia imeziba. Sekunde kumi, ishirini, pengine thelathini. Kisha anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, anageuka ubavu, anaanza upya. Asubuhi hakumbuki kitu. Anachojua ni kwamba kichwa kinamuuma, na ndani ya daladala anasinzia kabla ya kituo cha pili.

Huku ndiko kukatika pumzi usingizini. Tukio huhesabiwa pumzi ikisimama au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Mwenye matukio 30 kwa saa akilala saa saba, amekabwa mara 210 kwa usiku mmoja.

Moyo unavyoumia

Kila akikabwa, oksijeni hushuka katika damu. Mwili humwaga homoni za hatari, mishipa hujibana, presha na mapigo hupanda. Kifua nacho, kikivuta hewa kupitia koo lililofungwa, huzivuta kuta za moyo. Kwa mtu mzima wa afya presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa wengi wa wagonjwa hawa haishuki, moyo unafanya zamu ya mchana na ya usiku. Ndiyo maana tunaikuta hali hii kwa wenye presha sugu, mapigo yasiyo na mpangilio, moyo kushindwa kufanya kazi, na kiharusi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliangalia watu waliokufa ghafla kwa moyo: wenye tatizo hili, asilimia 46 walifariki kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, wasiokuwa nalo, asilimia 21.

Tiba, bila kutia chumvi

Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza mashine inayosukuma hewa kupitia puani ili koo lisizibe. Inafanya kazi: mkoromo unakoma, usingizi wa mchana unapungua, presha inashuka kidogo. Lakini jaribio la SAVE la mwaka 2016, lenye wagonjwa 2,717 wa moyo na kiharusi, halikuonyesha kwamba mashine hiyo inazuia mshtuko wa moyo au kiharusi. Washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Kwa hiyo tusimwahidi mgonjwa miujiza, na vidonge vya presha asiache. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe jioni navyo ni tiba.

Mapendekezo

1. Ambaye presha haishuki kwa dawa tatu, mojawapo ya kupunguza maji mwilini, na anazimeza sawasawa, aulizwe mkoromo.
2. Futi kamba ya kupimia kiuno ipime na shingo. Ikizidi sentimita 40, tushtuke.
3. Wanawake tusiwasahau, hasa waliokoma hedhi. Wengi hulalamika uchovu na kukosa usingizi, mkoromo wanauonea haya.
4. Anayesema halali vizuri asipewe diazepamu kabla hajaulizwa kama anakoroma. Dawa hiyo hulegeza koo zaidi.
5. Mwenza aombwe kumrekodi kwa simu kwa dakika chache. Sauti ile, pamoja na kimya chake, iambatane na rufaa ya kwenda kupimwa usingizi.

Hitimisho

Pendekezo la kwanza halihitaji bajeti. Kwenye kadi ya kliniki, chini ya mstari wa chumvi, tuongeze mstari mmoja: "Anakoroma? Nani anamsikia?"